Fildi Isiishie Kwenye Mafaili: Nafasi za Mafunzo kwa Vitendo Zilizopo Mwanjelwa



Kila mwaka likizo ndefu inapokaribia, wanafunzi wa vyuo vya Mbeya hushika barua za kuomba fildi na kuelekea milango ileile: halmashauri ya jiji, mamlaka ya mapato, mabenki, shirika la umeme. Wa Mzumbe wamo, wa Taasisi ya Uhasibu (TIA) wamo, wa Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji (TEKU) na wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia wamo. Ofisi hizo haziwatoshi. Anayepata nafasi mara nyingi hukuta wenzake wamejaa, akaishia kupanga mafaili, kutoa fotokopi na kusubiri saini ya msimamizi kwenye logibuku. Muda ukiisha ana ripoti nzuri, ila kazi haijui.

Naamini fildi humjenga mwanafunzi pale anapokabidhiwa kazi ambayo akikosea kuna mtu atapata hasara, na pembeni yake yupo wa kumwonesha kosa lilipo. Fani nyingine zimelijua hili zamani. Daktari anayehitimu hasajiliwi kutibu kwa kujitegemea mpaka amalize mwaka mzima wa mafunzo kazini chini ya usimamizi; Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya hupokea vijana hao. Wahandisi wahitimu nao wana mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ulioanza 2003, wa kufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu. Kwa mhasibu, afisa masoko na afisa ugavi tumeridhika na wiki chache, kisha tunalalamika tangazo la kazi likidai uzoefu.

Sasa tazameni stoo moja ya mchele hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mzigo umeshuka kutoka Kyela au Mbarali. Mwanafunzi wa uhasibu atasimamia mizani, maana lumbesa, yaani kujaza gunia kupita kiasi, imekatazwa na gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Atatoa risiti kwa mashine ya kielektroniki (EFD), aina iliyoanza kutumika nchini 2010, na jioni atalinganisha risiti, fedha zilizo kwenye droo na magunia yaliyobaki. Atakuta yupo mteja wa Tunduma aliyechukua mzigo kwa mali kauli, na deni lenyewe halijaandikwa popote. Liko kichwani mwa tajiri mwenye stoo. Itabidi aliandike, aweke tarehe ya kulipa, na ajifunze kumkumbusha mteja kwa simu bila kumkera. Tena bei ya mchele wakati wa mavuno na ile ya Januari hazifanani. Akiuthamini mzigo ulio stoo kwa bei ya kuuzia ambayo bado haijapatikana, tajiri ataamini ana faida asiyokuwa nayo, na ataitumia. Sijui ofisi gani kubwa humpa mwanafunzi wa mwaka wa pili jukumu zito kama hilo.

Gereji zinazohudumia malori ya barabara ya Tunduma zina nafasi za namna hiyo kwa wanafunzi wa ufundi, na maduka ya pembejeo kwa wanaosomea kilimo.

Vikwazo vipo. Tajiri anaogopa siri za mauzo yake kutoka nje, na ana haki. Chuo kiweke makubaliano ya maandishi ya kutunza siri, na mwalimu afike stoo mwenyewe, asiridhike na kupiga simu. Vyuo navyo viache kukataa sehemu kwa sababu tu mwenye kazi hana shahada. Aliyeendesha biashara miaka ishirini ana cha kufundisha. Mwanafunzi asiye na mkopo wa Bodi ya Mikopo hujilipia nauli na chakula, na wengine hukatiza fildi kwa ajili hiyo. Sahani ya mchana kutoka kwa mwenye stoo ingewabakiza wengi.

Naomba wenye stoo, maduka na gereji waliohudhuria waandikishe leo nafasi walizonazo, hata ya mtu mmoja, na waratibu wa fildi waipitie orodha hiyo kabla ya kugonga mihuri kwenye barua za mwaka huu.