Tangazo Limefika, Lori Halijafika

Wasikilizaji, tangazo la wiki hii mmelisikia, sina haja ya kulirudia. Paa za asbesto zitoke. Mwenye nyumba, mwenye ploti, mwenye banda la kuku, wote wamepewa muda. Sawa. Kituo hiki hakina ugomvi na agizo lenyewe. Kinachotutia hofu ni Jumamosi hii, pale mzee atakapomwita kijana wa mtaa, ampe nyundo na shilingi mia tano, amwambie panda juu ubomoe.

Maana tangazo limefika, lori halijafika.

Nyumba nyingi kubwa zilikwisha kubadilishwa paa. Asbesto iliyobaki imejificha uani: stoo, jiko la nje, bafu, choo. Ni yale mabati ya kijivu, mazito, yenye mawimbi mapana, yaliyoota ukoga mweusi. Juzi nilikwenda kutazama banda moja lenye paa kama hilo nyuma ya nyumba ya jirani. Ukingoni, pale maji ya mvua yalipochuruzika miaka nenda miaka rudi, simiti imelika hadi nyuzi zimechomoza, nyeupe, laini kama manyoya ya kifaranga. Chini yake kuna beseni la kufulia. Vipande vya bati lililovunjika zamani vimetandazwa kwenye njia ya chooni ili watu wasikanyage matope. Na mtoto amechuchumaa hapo, ameshika kipande, anachora ukutani kama mwenye chaki.

Nilimwita bibi yake amtoe. Akamtoa, akamnawisha mikono, kisha akaniuliza: "Haya, mwanangu. Nami vipande hivi nivipeleke wapi?"

Avipeleke wapi? Swali hilo ndilo tunaloliuliza leo, na tutaliuliza tena kesho.

Serikali haikuanza kulijua jambo hili jana. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 ziliiweka asbesto katika orodha ya taka hatari. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inataka ing'olewe, ibebwe na izikwe na watu wenye leseni, mahali palipoidhinishwa. Ni sheria nzuri. Lakini tangu 2006 hadi leo, bibi yule hajaonyeshwa mahali hapo. Hajaambiwa nani atakuja, kwa bei gani, na asiye na pesa afanye nini. Banda lenyewe pengine halifikii nusu ya gharama ya kulibomoa ipasavyo. Amri humfikia mnyonge mapema, huduma humfikia mwisho. Tulilisema hilo kuhusu vyoo, tukalisema kuhusu jaa la taka, na leo tunalisema kuhusu paa.

Na msidhani tunatia chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Mwaka 1960, madaktari Wagner, Sleggs na Marchand wa Afrika Kusini waliandika juu ya wagonjwa 33 wenye saratani ya utando wa mapafu, wengi wao wakihusishwa na eneo la machimbo ya asbesto la Cape. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba chochote. Walikuwa wakazi tu, waliokulia karibu na vumbi. Ugonjwa huu hukaa kimya miaka 20, 30, hata 40. Kijana atakayevuta vumbi Jumamosi hii huenda akaugua akiwa na wajukuu, na hapo hakuna atakayekumbuka lilikuwa banda la nani.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa nyinyi mafundi. Bati zima, lililotulia mahali pake, nyuzi zake zimefungwa ndani ya simiti. Wanaozifungua ni sisi: kwa nyundo, kwa grinda, kwa msumeno, kwa brashi ya waya, kwa mashine ya maji ya kasi. Mwenye bati zima asilipapatikie. Asipande juu pia, maana bati kuukuu halibebi mtu. Wengine wameanguka kupitia humo humo. Asilisugue, asilitoboe, na asiruhusu watoto wacheze chini yake, huku akitafuta mwenye leseni.

Na huyo mwenye leseni akija, mtazameni kazi yake. Hulilowesha bati kwa maji yenye sabuni kidogo, polepole, kama anayenyunyizia miche. Hufungua nati moja moja, na bati huteremshwa likiwa zima, halitupwi. Hulifunga kwa nailoni nzito mara mbili na kuliandika ili anayelibeba ajue amebeba nini. Mavazi yake huishia hapo hapo kazini, hayaendi nyumbani kumfukiza vumbi mkewe anayefua. Barakoa yake ni ile maalumu ya nyuzi hizi, inayoshika uso barabara. Kitambaa cha shingoni hakizuii kitu. Ukiona mtu amekuja na nyundo na kandambili, mrudishe.

Vile vipande vya njiani? Msivifagie vikiwa vikavu, msivisage, msivitie motoni. Bati hili haliungui. Likipata moto hupasuka kwa kishindo na kurusha vumbi uani kote. Vilowesheni, muwazuie watoto, kisha mpigieni simu afisa wa mazingira wa kaunti. Mkipiga asipokee, pigeni tena. Asipokee tena, nendeni kwa chifu.

Maana tangazo limefika, lori halijafika, na lori haliji kwa watu walionyamaza.

Mheshimiwa mwakilishi wadi, unatusikia? Tenga fungu la pesa. Kaunti, tajeni mahali pa kuzika taka hizi, litajwe jina, liandikwe kwa Kiswahili, libandikwe kwenye kila ofisi ya chifu. Tumeni lori lenye leseni, lipite mtaa kwa mtaa kwa siku zinazojulikana, na wazee wasiojiweza wasitozwe hata senti. Hadi hapo hesabuni muda mliowapa watu kuwa haujaanza.

Nawe kijana uliyeahidiwa mia tano Jumamosi, mwambie mzee, kwa heshima zote: "Shikamoo babu, kazi hii siiwezi." Weka nyundo chini. Bibi yule bado anasubiri kuambiwa avipeleke wapi.