Kubadili toleo la programu: mipango kwanza, mitambo baadaye



Keko, wilayani Temeke, yapo maghala ya Bohari ya Dawa, chombo kilichoundwa kwa Sheria Namba 13 ya mwaka 1993. Zahanati za Mbagala, Tandika, Tandale na kwingineko huandika dawa zilizotumika na zilizobaki, kisha huomba nyingine. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa fomu za karatasi. Katika miaka ya 2013 na 2014 ilianza kuhamia katika mfumo wa kompyuta uitwao eLMIS, uliojengwa kwa ushirikiano na Zambia juu ya programu huria ya OpenLMIS.

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi: kila nchi inaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuyatumia bila kulipa ada ya leseni. Hiyo ni faida kubwa kwa Taifa linaloendelea, maana halifungwi mikono na mfanyabiashara mmoja. Lakini isidhaniwe kuwa kisichonunuliwa hakina gharama. Gharama yake huonekana toleo jipya linapotoka.

Mwaka 2017 lilitoka toleo la 3 la OpenLMIS, ambalo lilijengwa upya tangu msingi. Sababu mojawapo ni kwamba nchi mbalimbali zilikuwa zimejiongezea mambo yao ndani ya programu, hata matawi yakaachana na shina, na marekebisho ya shina yakawa hayayafikii kwa urahisi. Fundisho ni dhahiri. Kila fomu iliyoongezwa, na kila ripoti iliyobuniwa ili kumridhisha mkubwa mmoja, ni deni litakalolipwa siku ya kuhama.

Nchi hii ilikwisha kuonja machungu ya kuhama bila maandalizi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu zilipohamishiwa katika mitambo mipya, kazi ilivurugika, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Mashine ilibeba lawama ambayo kwa sehemu kubwa ilistahili kubebwa na mipango.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa mtambo, hapana budi yafanyike mambo manne.

Kwanza, kila nyongeza iliyowahi kufanywa iorodheshwe, na ile isiyotumika iachwe.

Pili, madaftari yasafishwe. Manispaa za Ubungo na Kigamboni zilimegwa kutoka Kinondoni na Temeke. Zahanati iliyobaki katika orodha ya wilaya yake ya zamani itahamishwa pamoja na kosa lake. Vivyo hivyo vipimo. Toleo la zamani likihesabu kopo la vidonge 1,000 kuwa kitu kimoja, na jipya likihesabu kidonge kimoja kimoja, aliyeomba makopo 10 ataandikiwa vidonge 10. Anayeumia hapo ni mama aliyembeba mtoto mwenye homa, ambaye ataambiwa dirishani kuwa dawa imekwisha.

Tatu, majaribio yafanyike katika nakala, kamwe yasifanyike katika mfumo unaotumika. Wajaribuo wawe makarani na wafamasia wenyewe, kwa maombi halisi ya mwezi uliopita, majibu ya matoleo yote mawili yakilinganishwa mstari kwa mstari. Fundi anaijua programu. Karani ndiye aijuaye kazi.

Nne, siku ya kuhama ichaguliwe kwa busara. Isiwe mwishoni mwa Juni, hesabu za mwaka zinapofungwa, wala katika juma la kupeleka maombi ya dawa. Nakala ya akiba iwepo, na iwe imejaribiwa kurejeshwa. Mtu mmoja atajwe kwa cheo chake mwenye madaraka ya kuamuru kurudi nyuma mambo yakiharibika, na saa ya uamuzi huo ijulikane mapema.

Mambo haya hayaihusu Bohari peke yake. Mwalimu mkuu anayehamisha daftari la wanafunzi, na mhasibu wa halmashauri anayehamisha vitabu vyake, wamo katika safari hiyo hiyo. Fedha itakayotengwa kwa mitambo bila kutengwa siku za kuwafundisha watumishi ni fedha iliyopotea.

Uhuru wa programu ni kitu cha thamani. Utalindwa na wale wanaoandika walichobadili, wanaojaribu kabla ya kuamini, na wanaomsikiliza karani wa zahanati kabla ya kusaini.