Kuvuta Mbele Pamoja

Hotuba ya mwanachama, mfanyakazi wa reli, katika mkutano wa tawi, Nyeri



Mimi si mwalimu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, kisha nikaingia kazi ya reli. Lakini nimeombwa niseme juu ya neno moja la Kiingereza, maana lilitutia aibu. Mkubwa mmoja alitusomea barua, na ndani yake mlikuwa na neno "co-produce". Tukapiga makofi. Tulipotoka nje tukaulizana maana yake, wala hakuna aliyejua. Kumbe barua ile ilikuwa ya kubadili zamu za usiku, nasi hatukuulizwa neno! Basi nikaenda kutazama kamusi.

Maana ya "co-produce" ni kutengeneza kitu, au kutoa huduma, pamoja na mwingine. Asili yake ni Kilatini, na lina vipande vitatu. "Co" ni pamoja. "Pro" ni mbele. "Ducere" ni kuongoza au kuvuta. Ukiviunga, unapata kuvuta mbele pamoja. Neno letu "kondakta" limetoka katika mzizi huo huo wa "ducere". Lakini jihadharini na ndugu yao mwingine, "reduce". Asili yake ni kurudisha nyuma, na siku hizi ni kupunguza. Huyo tunamjua akitajwa karibu na mishahara.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Wazee wetu hapa Nyeri walikuwa na ngwatio: leo majirani hulima shamba la huyu, kesho la yule. Na watu wakivuta mzigo mzito waliitikiana "Harambee!" Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta akalifanya neno hilo wito wa taifa.

Huko Marekani, katika miaka ya 1970, mama mmoja wa Chuo Kikuu cha Indiana, Elinor Ostrom, pamoja na wenzake, walieleza kwamba huduma haitolewi na ofisi peke yake. Polisi hawezi kulinda mtaa ikiwa wenyeji wamefunga midomo. Mwalimu hawezi kumfundisha mtoto asiyetia bidii. Anayehudumiwa naye ana mkono katika kazi. Mwaka 2009 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, kwa kazi yake juu ya watu wanavyotunza mali ya pamoja. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata tuzo hiyo ya uchumi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, neno ni zuri. Ubaya ni kulitumia nusu. Katika ngwatio, aliyelima kwako leo, kesho nawe unakwenda kwake na jembe. Usipokwenda, hiyo si ngwatio tena, umemtumikisha jirani yako bure. Vivyo hivyo, mtu akituambia tuvute naye, naye ameshika filimbi tu, huko si kuvuta pamoja.

Basi siku nyingine tukisomewa neno hili, tusifanye haraka kupiga makofi. Tuulize mambo matatu. Nani aliamua kazi ifanywe hivi? Nani anaona hesabu? Na fungu letu ni lipi? Tukijibiwa vizuri, tutapiga makofi, tena tutavuta kwa nguvu zote.

Umoja ni nguvu.