Zeolaiti: Tatizo ni Njia

Tangu kampuni ya Mobil ilipoingiza zeolaiti katika usafishaji wa mafuta mwaka 1962, fuwele hizi za silikoni, alumini na oksijeni zimekuwa kichocheo kikuu cha kuvunja molekuli nzito ili kupata petroli. Siri yake ni vitundu. Vile vya zeolaiti iitwayo ZSM-5 vina upana wa takriban nusu nanomita, hivyo molekuli nyembamba ya paraksilini hupenya upesi huku ndugu zake wanene wakikwama. Lakini mlango mwembamba humchelewesha hata mgeni aliyealikwa: molekuli hukawia ndani, hugeuka masizi, na kichocheo huchoka.

Kwa kuwa tatizo ni njia, sioni haja ya kukimbilia zeolaiti mpya. Miundo zaidi ya 200 inajulikana. Inayotumika viwandani ni michache mno. Afadhali kutoboa njia pana ndani ya fuwele zilizopo, kwa mfano kwa kuziosha na soda kali. Wapo wanaohofu kwamba fuwele zitadhoofika na kupoteza uwezo wa kuchagua. Ni kweli, ukizidisha. Ila kichocheo hodari kwa kuchagua kinachozimika mapema hulazimu masizi yake kuchomwa kila mara, gharama ambayo majaribio mafupi ya maabara hayaioneshi. Kipimo cha haki ni tani za bidhaa kwa kila kilo ya kichocheo, hadi siku kinapotupwa.