Nani Aliweza Kukataa? Mombasa na Dola za Bahari ya Hindi



Dola za karne ya 15 hadi ya 18 ziliwakutanisha watu wa mbali kuliko wakati wowote kabla yake. Bidhaa zilivuka bahari, dini zikakutana, mapishi yakachanganyika. Hoja yangu jioni hii ni kwamba makutano hayo tuyapime kwa swali moja: kati ya waliokutana, nani aliweza kukataa?

Tazameni Fort Jesus, ngome ya Wareno kisiwani Mombasa. Ujenzi wake ulianza 1593. Ramani ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, aliyemtumikia mfalme wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala pia Ureno. Waashi waliletwa kutoka India, na kuta zikainuliwa juu ya mwamba wa matumbawe wa kisiwa chenyewe. Mabara matatu yamo katika jengo moja. Ila juu ya lango kuna maandishi ya Kireno. Yanaeleza kwamba mwaka 1635 Francisco de Seixas de Cabreira alifanywa kapteni akiwa na umri wa miaka 27, akaijenga upya ngome, akawatiisha watu wa pwani walioasi na kuwatoza kodi wafalme wao. Waashi hawatajwi.

Uasi huo ulianzishwa na Yusuf bin Hasan. Ukoo wake wa Malindi ulikuwa rafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama alipopokewa huko 1498. Urafiki huo haukumwokoa babake, Sultani Hasan wa Mombasa: alikosana na kapteni wa ngome, na mwaka 1614 akauawa. Yusuf, angali mtoto, alipelekwa Goa, India. Akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa Dom Jerónimo, akaoa Mkristo, kisha akarudishwa Mombasa awe mfalme chini ya Ureno.

Kumbukumbu za Wareno zinasema alionekana akisali Kiislamu kwenye kaburi la babake, na kapteni akakusudia kumpeleka Goa ashtakiwe. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa na kuirudia dini ya wazazi wake. Kisha Wakristo wa mji wakatakiwa wasilimu au wafe. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo Waafrika waliobatizwa. Aliyenyimwa nafasi ya kukataa aliwanyima wengine nafasi hiyohiyo. Mwaka 1632 Wareno walishindwa kuitwaa ngome kwa vita, lakini Yusuf aliondoka kwa merikebu akawa haramia, nao wakarudi. Walikuja kuondolewa na Waomani mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu.

Sasa linganisheni na mahindi na mihogo. Asili yake ni Amerika, na vilivuka bahari katika zama hizohizo za merikebu za Wareno na Wahispania. Mkulima wa Afrika alipanda kidogo, akatazama mvua na udongo wake, akaonja, akabakiza kilichomfaa. Angeweza kukiacha. Ubatizo wa Yusuf ulidumu hadi siku aliyopata upenyo. Mahindi yamekuwa ugali wa mamilioni ya watu.

Wanafunzi wangu, mkisoma barua ya mfalme, orodha ya shehena au cheti cha ubatizo, ulizeni nini kingempata mhusika endapo angesema hapana. Swali hilo litawaonyesha waashi wasiotajwa langoni, na litawazuia kuiita kila zawadi ya dola zawadi. Halijapitwa na wakati. Vyuo vyetu na serikali zetu hutia saini mikataba ya ushirikiano na mataifa yenye nguvu kutuzidi. Tuipokee mikataba hiyo kwa moyo mkunjufu pale tu tunapoweza pia kuikataa, na kazi ya mwanahistoria ni kulisema hilo wazi kabla wino haujakauka.