Chanjo ya Mtoto na Kansa ya Kibofu

Mtazameni mtoto mkono wa kushoto. Lile kovu dogo ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu anayopewa akizaliwa. Basi chanjo hiyo hiyo ni dawa ya kansa ya aina moja.

Asili yake ni ng'ombe. Wafugaji mnajua, maziwa yasiyochemshwa yaweza kuleta kifua kikuu. Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, walikichukua kijidudu hicho cha ng'ombe, wakakiotesha mara 230, tangu 1908 hadi 1921, mpaka ukali ukaisha. Ki hai, lakini kimepoa. Mwaka 1976 Dakta Morales wa Kanada aliandika habari za wagonjwa tisa wa kansa ya juu juu ya kibofu aliowatibu nacho. Hutiwa kibofuni kwa mpira, mara moja kwa wiki, wiki sita, na mgonjwa huzuia mkojo kama saa mbili. Kinachofanya kazi hasa ni kinga ya mwili. Kijidudu huiamsha tu, kama mbwa akibweka boma zima huamka.

Lakini mbwa huuma. Huko New York mwaka 1891 Dakta Coley alianza kudunga wagonjwa wa kansa vijidudu hai. Wako waliopona, wako waliokufa kwa vijidudu vyenyewe, ndipo akageukia vilivyouawa kwa moto. Hata BCG huleta homa na mkojo wa kuchoma, na mwenye kinga dhaifu sana yaweza kumwenea mwilini. Kwa hiyo watafiti hadi leo wanajaribu vipande tu vya bakteria, au vilivyopunguzwa nguvu zaidi.

Sasa tuje kwetu Garsen. Kichocho tunakipata kwenye vidimbwi na mifereji yenye konokono, na wengine husema kijana akikojoa damu ndiyo ukubwa. Sivyo! Mwaka 1994 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikitaja kichocho cha mkojo kuwa chanzo cha kansa ya kibofu. Tena kansa ya kichocho mara nyingi ni ya aina nyingine, ambayo BCG haiiwezi. Na chanjo ya utotoni haiizuii. Kwa hiyo mtu asiende zahanati kuomba BCG. Aende kupimwa mkojo, apewe vidonge vya prazikwanteli, na mtu mzima ambaye damu haikomi hata baada ya vidonge aombe barua ya kwenda hospitali kubwa, kibofu kitazamwe.