Pangani, Julai 1889

Msikilizaji, ukisimama upande wa Bweni ukisubiri pantoni, unauona mji wa Pangani wote: minazi, paa za mabati, na mto unaomwaga maji yake ya tope baharini. Mlangoni mwa mto huo, tarehe 8 Julai 1889, manowari za Wajerumani ziliupiga mji huu mizinga, kisha askari wa kamanda wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, wakashuka. Wengi wao walikuwa Wasudani walioandikwa Misri. Siku chache baadaye ikawa zamu ya Tanga.

Chanzo ni Agosti 1888. Sultani Khalifa wa Zanzibar alikuwa ameikodisha pwani ya Mrima kwa kampuni ya Kijerumani, na wakala wa kampuni hiyo Pangani, Emil von Zelewski, akaishusha bendera ya Sultani kwa nguvu. Wajerumani waliingia msikitini na mbwa. Hilo watu hawakulimeza; wakainuka.

Vitabu vinaviita vita hivyo vita vya Abushiri, na Abushiri bin Salim, aliyewaongoza, anastahili heshima yake. Lakini mimi naona jina hilo linawanyima haki wengi: wapagazi, wavuvi, watumwa, na watu waliotoka bara na bunduki zao.

Abushiri alikamatwa bara, akarudishwa Pangani, akanyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Pwani nzima ilikuwa bado haijatulia. Kule Saadani, kiongozi wa huko, Bwana Heri, alikuwa angali anapigana.